Kamati ya mtaa ikikunyima hesabu: Njia za kisheria alizo nazo mwenye nyumba

FIKIRIA mwalimu mstaafu aliyetumia malipo yake ya uzeeni kununua nyumba ya vyumba vitatu katika ghorofa ya nne ya jengo moja jijini Nairobi. Kila mwezi hutakiwa kulipa Sh8,000 za huduma: mishahara ya walinzi, uzoaji wa taka, maji ya kisima na ukarabati wa lifti. Kwa miaka mitatu hajaona taarifa ya hesabu, mkutano mkuu haujaitishwa, na lifti yenyewe imekufa. Alipoacha kulipa kwa mwaka mmoja ili kuishinikiza kamati ionyeshe matumizi ya fedha, aliletewa barua ya kumdai Sh96,000. Wiki iliyofuata mfereji wake ukakauka.

Mwalimu huyu ni wa kubuni, ila masaibu yake si mageni kwa wakazi wa mitaa ya nyumba za pamoja. Kamati zinazosimamia mitaa hiyo hukusanya fedha nyingi, huajiri watu, huweka kanuni na kutoza faini. Zina mamlaka yanayokaribia yale ya serikali ndogo, ilhali wanaoziongoza aghalabu ni majirani waliojitolea. Ni nani basi anayemsimamia msimamizi?

Kenya haina ofisi moja ya umma yenye jukumu la kupokea malalamishi yote dhidi ya kamati za wenye nyumba. Hata hivyo, hiyo haimaanishi kwamba mkazi hana pa kukimbilia. Njia zipo kadhaa, na njia iliyo sahihi hutegemea jambo moja ambalo wengi hawalichunguzi mpaka mgogoro utokee: chama kinachowatoza ada ni kitu gani mbele ya sheria?

Jina moja, sura nne

Mitaani neno "kamati" hutumiwa kwa kila kundi linalokusanya ada. Sheria haichanganyi mambo namna hiyo. Kundi hilo laweza kuwa shirika la wamiliki chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020. Laweza kuwa kampuni ya usimamizi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Laweza kuwa chama cha wakazi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Hali kadhalika, laweza kuwa chama cha ushirika wa nyumba. Kila sura kati ya hizo nne ina msajili wake, kanuni zake na mlango wake wa malalamishi. Anayebisha mlango usio wake hupoteza miezi, pamoja na fedha za wakili.

Kulitambua kundi si kazi ngumu. Mkazi atazame mkataba aliotia sahihi aliponunua nyumba, hati yake ya umiliki au ya ukodishaji wa muda mrefu, na jina lililoandikwa kwenye risiti au akaunti ya benki anakolipia. Ikiwa jina ni la kampuni, atalipia ombi katika mtandao wa eCitizen na kupewa hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa waliomo katika sajili. Ikiwa ni chama, ana haki ya kuuliza cheti cha usajili na nakala ya katiba. Mtu anayekusanya fedha za majirani lakini hawezi kuonyesha hata mojawapo ya hati hizo amekwisha kujibu swali muhimu kuliko yote.

Tofauti hii ina uzito pia katika suala la uanachama. Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu hawezi kulazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Kwa hivyo, mwenye nyumba inayojitegemea katika mtaa wa kawaida hawezi kuburutwa katika chama cha wakazi kwa sababu tu anaishi hapo. Lakini aliyenunua sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2020 huwa mwanachama wa shirika la wamiliki kwa sababu ya umiliki wenyewe. Naye aliyetia sahihi mkataba wa kulipa ada kwa kampuni ya usimamizi amejifunga kwa kalamu yake. Kauli ya "mimi sikujiunga" yaweza kumwokoa mmoja na isimfae mwingine.

Shirika la wamiliki

Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, ilichukua nafasi ya ile ya 1987. Chini yake, kila nyumba katika jengo ni sehemu yenye hatimiliki yake, nayo maeneo ya pamoja kama ngazi, paa, lifti na maegesho humilikiwa na wote kwa uwiano uliowekwa. Ramani ya jengo inaposajiliwa, shirika linalowajumuisha wamiliki wote huzaliwa papo hapo kwa nguvu ya sheria. Halmashauri iliyochaguliwa na wamiliki ndiyo huendesha shughuli zake.

Majukumu ya shirika yametajwa katika sheria hiyo. Litunze maeneo ya pamoja, liwe na bima ya jengo, na liwe na hazina ya gharama za uendeshaji inayochangiwa na wamiliki kulingana na uwiano wao. Mchango usiolipwa ni deni, na shirika laweza kumshtaki mmiliki ili kulidai. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba halmashauri inayotelekeza paa livujalo au kuacha bima iishe imekiuka wajibu wa kisheria, wala si ahadi ya ujirani mwema tu.

Sheria hii pia imelitaka shirika liunde kamati ya ndani ya kutatua mizozo kila haja inapotokea. Mkazi mwenye lalamiko kuhusu kelele, mifugo, maegesho au ada ana sababu ya kuanza hapo, na kuomba kwa maandishi kamati hiyo iundwe. Jaji atakayepelekewa kesi baadaye atataka kujua kama njia hiyo ya kwanza ilijaribiwa.

Kampuni ya usimamizi

Majengo mengi yaliyouzwa kabla ya sheria ya 2020 yalifuata mpango tofauti. Mstawishaji alibaki na hatimiliki mama, wanunuzi wakapewa hati za ukodishaji wa muda mrefu, na kampuni ya usimamizi ikaundwa ambamo kila mnunuzi alistahili kupewa hisa moja au uanachama. Tatizo huanza pale mstawishaji anapokawia kuzitoa hisa hizo. Mnunuzi huendelea kulipa ada kwa kampuni ambayo wakurugenzi wake bado ni mstawishaji na jamaa zake, na mkutano mkuu ukiitishwa hana kura.

Hii ndiyo sababu CR12 ni hati ya kutafutwa mapema. Ikiwa jina la mnunuzi halimo, hatua ya kwanza ni kumwandikia mstawishaji kumtaka atimize mkataba wa mauzo. Ikiwa limo, mwenye hisa ana silaha kadhaa. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Kampuni kinawaruhusu wanachama kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida katika mkutano, yaani kwa wingi wa kura tu. Wakurugenzi wakikataa kuitisha mkutano, wanachama wanaofikisha kiwango cha kura kilichowekwa na sheria wanaweza kuwalazimisha. Kifungu cha 780 kinamruhusu mwanachama kwenda mahakamani akiamini kwamba shughuli za kampuni zinaendeshwa kwa njia ya uonevu. Nacho cha 238 kinafungua mlango kwa mwanachama kushtaki kwa niaba ya kampuni yenyewe endapo wakurugenzi wameidhuru.

Sheria ya 2020 iliweka pia utaratibu wa kuzigeuza hati hizo za zamani ziwe hatimiliki za sehemu. Ombi laweza kutolewa na mstawishaji, na kampuni ya usimamizi, au hata na mwenye nyumba mmoja. Mstawishaji akigoma kuikabidhi hatimiliki mama, Msajili wa Ardhi ana uwezo wa kuiwekea kizuizi ili isifanyiwe shughuli nyingine. Kwa wakazi waliochoshwa na kampuni wasiyoweza kuidhibiti, ugeuzaji huu huondoa kiini cha ugomvi, kwa kuwa shirika jipya huwa mali ya wamiliki wenyewe.

Chama cha wakazi na ushirika

Vyama vya wakazi vilipata nguvu hasa pale huduma za mabaraza ya miji zilipodorora, wananchi wakaamua kujilipia walinzi, taa na uzoaji wa taka. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 iliutambua mchango huo kwa kuvipa vyama vya ujirani vilivyosajiliwa nafasi ya kupendekeza mwakilishi katika bodi za miji. Hata hivyo, heshima hiyo haikuvipa mamlaka ya kaunti.

Chama kilichosajiliwa chini ya Sura ya 108 lazima kifanye mkutano mkuu kila mwaka, kiweke vitabu vya hesabu na kuwasilisha taarifa kwa Msajili wa Vyama. Mwanachama ana haki ya kuvikagua vitabu hivyo. Panapotokea mvutano kuhusu ni nani viongozi halali, kifungu cha 18 kinampa Msajili uwezo wa kukitaka chama kithibitishe, katika muda wa mwezi mmoja, kwamba mgogoro umetatuliwa au umepelekwa mahali pa kuamuliwa. Chama kinachopuuza agizo hilo chaweza kufutiwa usajili. Ikumbukwe pia kwamba chama cha aina hii hakishtakiwi kwa jina lake. Hushtakiwa kupitia viongozi wake. Kesi kadhaa zimeanguka kwa kosa hilo dogo.

Kwa upande wa ushirika wa nyumba, malalamishi hupelekwa kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, mwenye uwezo wa kuanzisha uchunguzi wa shughuli na fedha za chama. Mizozo baina ya wanachama na uongozi huamuliwa na Jopo la Ushirika, ambalo hufanya kazi kama mahakama.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika migogoro ya mitaa, daftari ndilo chanzo na ndilo dawa. Kabla ya kumtaja yeyote kuwa mwizi, mkazi aandike barua ya adabu yenye tarehe, akiomba mambo mahususi: taarifa ya hesabu iliyokaguliwa, makadirio ya mwaka, mikataba ya walinzi na wazoaji taka, taarifa za benki, na kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha kiwango cha ada. Aweke siku ya mwisho ya kujibiwa, na atunze nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Ni vyema pia kuuliza ni nani meneja wa jengo. Anayesimamia nyumba za watu wengine kama biashara hutakiwa kusajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba na ardhi iliyoundwa chini ya sheria ya 1984, na asiyesajiliwa aweza kushtakiwa kwa bodi hiyo. Kwa upande wake, mkaguzi wa hesabu lazima awe mhasibu aliyeidhinishwa. Jirani mwenye ujuzi wa tarakimu hatoshi.

Barua moja huweza kupuuzwa, lakini barua yenye sahihi 30 ni nadra kupuuzwa. Aidha, mkazi ajihadhari na kundi la WhatsApp. Tuhuma za wizi zilizoandikwa usiku wa manane mbele ya watu 200 zaweza kumgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa wa kesi ya kuchafua jina. Palipo na ushahidi wa stakabadhi za kughushi au fedha zilizohamishiwa akaunti ya mtu binafsi, mahali pake ni kwa maafisa wa upelelezi.

Hatari ya kususia ada

Kosa alilofanya mwalimu wetu ndilo linalofanywa na wengi. Kususia ada huonekana kuwa silaha ya mnyonge, lakini mara nyingi humpa mpinzani ushindi wa bure. Lifti mbovu haifuti deni lenyewe, hasa ikiwa mkazi ameendelea kutumia maji na walinzi. Vilevile, katiba za vyama vingi na kanuni za mashirika mengi humnyima kura mwenye malimbikizo, kwa hiyo anayesusia hujitoa mwenyewe katika mkutano ambao angeutumia kuiondoa kamati.

Njia salama zaidi ni kulipa huku akiandika kwamba analipa kwa pingamizi, au kulipa sehemu isiyobishaniwa na kueleza kwa nini inayobaki inabishaniwa. Wakazi wakiwa wengi, wanaweza kuiomba mahakama iagize ada iwekwe katika akaunti ya pamoja hadi kesi iamuliwe. Hatua hiyo humwonyesha jaji kwamba hawakimbii deni, bali wanataka hesabu.

Maji, lango na kamera

Je, kamati yaweza kumkatia mkazi maji? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na ya kutosha. Haki hiyo haimaanishi maji ya bure, lakini inaifanya hatua ya kukata kuwa nzito. Swali la kwanza ni kama mkataba au kanuni zilizopitishwa zinaruhusu hatua hiyo. La pili ni kama notisi ilitolewa na mkazi akapewa nafasi ya kujitetea. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 haiwabani maafisa wa serikali pekee; inawahusu pia watu binafsi ambao maamuzi yao yanagusa haki za wengine. Mkazi aliyekatiwa maji anaweza kuomba amri ya muda ya kuyarejesha huku deni likiendelea kujadiliwa.

Kuhusu malango, barabara ya umma hubaki ya umma hata kama wakazi wameiwekea lami kwa fedha zao. Barabara za kaunti, taa na maegesho ni majukumu ambayo Katiba imezipa serikali za kaunti, hivyo kizuizi kilichowekwa bila kibali chaweza kulalamikiwa huko. Nayo majina na nambari za vitambulisho zinazoandikwa langoni, pamoja na picha za kamera, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayeona habari zake zimesambazwa ovyo anaweza kumwandikia Kamishna wa Data.

Mpangaji naye ana nafasi finyu zaidi, kwa kuwa kura ni ya mwenye nyumba. Lalamiko lake hupitia kwa mwenye nyumba huyo, ama apewe uwakilishi wa maandishi wa kuhudhuria mkutano kwa niaba yake.

Kabla ya kwenda mahakamani, na baada

Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanishi, usuluhishi na njia nyingine zisizo za kesi. Katika migogoro ya majirani hekima hiyo ni dhahiri, maana baada ya hukumu pande zote mbili zitaendelea kukutana ngazini. Fauka ya hayo, mikataba mingi ya nyumba ina kipengele cha usuluhishi. Anayekiruka na kwenda mahakamani moja kwa moja huenda akasimamishiwa kesi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995 na kurudishwa alikopaswa kuanzia.

Mambo yakishindikana, uchaguzi wa mahakama ni muhimu. Mizozo ya matumizi ya ardhi, maeneo ya pamoja na hatimiliki ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa chini ya sheria ya 2011, pamoja na mahakama za mahakimu zilizopewa mamlaka hayo. Ugomvi wa uendeshaji wa kampuni chini ya vifungu vya 238 na 780 huenda Mahakama Kuu. Dai dogo la fedha lisilozidi Sh1 milioni na lisilogusa umiliki wala matumizi ya ardhi, kama vile malipo ya fundi ambaye hakumaliza kazi, laweza kufaa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60.

Njia hizi zote zina kasoro moja: zinahitaji muda, fedha na mtu wa kuzielewa. Afrika Kusini ilichagua mkondo mwingine. Kwa sheria ya 2011, nchi hiyo iliunda ofisi maalumu ya kushughulikia mizozo ya nyumba za pamoja, iliyoanza kazi 2016. Mitaa yenyewe huichangia. Mlalamishi hupatanishwa kwanza na mwenzake, na wasipokubaliana mwamuzi hutoa agizo linalotekelezwa kama la mahakama. Kenya inayozidi kujenga kwenda juu itahitaji kuitazama njia hiyo, kwa kuwa idadi ya watu wanaogawana paa moja na pampu moja haitapungua.

Mpaka hapo, mwalimu wetu ana la kufanya wiki hii. Atatoa kabatini mkataba wake na kusoma jina la anayemdai. Ataomba CR12. Atalipa anachokubali kuwa anadaiwa na kuandika pingamizi kuhusu kilichosalia, ili kura yake isipingwe. Ataomba maji yarejeshwe, kwa barua kwanza, kisha kwa amri ikibidi. Halafu atapanda na kushuka ngazi, kwa kuwa lifti haifanyi kazi, akibisha kila mlango kutafuta sahihi za kuitisha mkutano. Kamati iliyokaa miaka mitatu bila kuulizwa huenda ilifanikiwa hivyo kwa sababu viti vya mkutano wa mwisho vilikuwa vitupu.